Kumkalia Mkubwa Kiti

Wanakuja. Hilo ndilo neno lililobaki mjini kwetu, mengine yote yamepewa likizo. Ukimwuliza mtu habari za nyumbani anakujibu wanakuja. Ukiuliza maji yatatoka lini, wanakuja. Mji huu ulikuwa na jina, na mke wangu alikuwa akilitamka vizuri, anauvuta mwisho wake kidogo kama mtu anayefunga kanga. Jina hilo limefutwa kwenye vibao vyote ili liandikwe jingine ambalo Wakubwa wataweza kulitamka bila kujiuma ulimi, na hilo jingine bado halijaamuliwa. Kwa sasa tunaishi mahali tu. Barua zikija zinaandikwa Mahali. Pembeni mwa barabara kubwa wamesimamisha mabati na kuyachora miti, na nyuma ya miti hiyo ya rangi ndiko tuliko sisi, tunapika na kuzaliana, ila ukipita na gari utaapa kwamba umepita msituni.

Wakubwa ni wenye uchumi. Ndivyo redio inavyowaita, wenye uchumi mkubwa wa dunia, nami najiuliza sisi wengine tunacho nini basi. Tuna kazi za kutwa, tuna watoto, tuna vifua vinavyobana, lakini inaelekea hivyo havimo kwenye uchumi. Watakutana, watazungumza, wataondoka. Watazungumza nini redio haijasema. Imesema watakula nini.

Pale kwenye mzunguko wa barabara kuna bango linalowaka namba, na namba hiyo ni siku zilizobaki. Kila alfajiri inapungua. Zamani siku zilikuwa zikienda mbele, mtu anazaa, mtoto anaota meno, sasa siku zinarudi nyuma na tumeshazoea. Nililitazama bango lile jioni moja nikafikiri, kama Serikali imeweza kweli kuzigeuza siku, basi ipo asubuhi tutaipita tena siku ya Siwema. Atafumbua macho. Atavuta pumzi ile aliyoiachia. Nilifikiri hivyo bila furaha, kama mtu anayefikiri kwamba huenda mvua ikanyesha, kwa sababu niliona pia kwamba tutaipita kinyumenyume, mgongo mbele, na yale magari nayo yatapita kinyumenyume, matupu vilevile. Halafu mkutano ukasogezwa, namba ikapanda tena, na mjini hakuna aliyeshangaa.

Niseme habari ya magari niimalize, maana bila hiyo utaniona nina chuki ya kuzaliwa nayo.

Siwema alikuwa mke wangu. Alibanwa na kifua mchana, anasonga ugali, akaweka mwiko chini taratibu kama anayejua hatauokota. Nikamwingiza kwenye bajaji, kichwa chake begani kwangu, tukafika njia panda ya kwenda hospitali. Trafiki akainua mkono. Msafara unapita. Nikamwuliza msafara wa nani, Wakubwa si bado hawajaja? Akasema ni majaribio, mzee, tulia. Yakaja magari meusi, marefu, vioo vimeshushwa ili viti vipate hewa, na ndani hamna mtu. King'ora mbele, king'ora nyuma, katikati viti. Yakapita, yakazunguka, yakapita tena, kwa sababu mara ya kwanza hayakuachiana nafasi vizuri. Siwema akaniuliza, "Anapita nani?" Nikamwambia, "Hapiti mtu." Akasema, "Basi tupite." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na hakuna aliyetupisha.

Tangu hapo nina swali moja, nalitembeza kama mtu anayetembeza ng'ombe asiye na mnunuzi. Mkubwa ni nini wakati hayupo? Nilikuwa nikidhani ukubwa unakaa ndani ya mtu, kama mafuta yanavyokaa ndani ya karanga, kwamba ukimkamua ndipo unatoka. Lakini siku ile hapakuwa na mtu wa kukamuliwa, na ukubwa ulikuwepo, ulijaa njia nzima, ukamfika trafiki mkononi, ukanifika mimi magotini. Mke wangu alikuwa na pumzi bado. Kashindwa na viti. Angeuawa na mtu ningejua nimkasirikie nani, ningekwenda kwake nikasimama mlangoni nikamtukana hadi jirani watoke. Kiti utakitukana nini? Nimejaribu. Nimekaa nyumbani nikakichukia kiti kutwa nzima, jioni nikakuta nimechoka mimi, chenyewe kimekaa.

Na watu watasema wenye makosa ni walio juu. Ndiyo, ni wao. Nasema hivyo na sitafuta. Ila ukiuliza juu ni wapi, kila mtu ananyoosha kidole kwa aliye mbele yake.

Kwetu mtu akifa wafiwa hukaa chini, juu ya jamvi. Majirani huja, huvua viatu pembeni, huinama, hukupa mkono kwa mikono miwili, husema pole, hukaa kimya. Kile kimya ndicho kinachofanya kazi. Halafu hufika siku ya kuanua matanga. Siku hiyo majirani hushika ncha za jamvi na kulikunja kuelekea pale ulipoketi wewe mfiwa, wanakunja polepole, hadi jamvi likuguse magoti na usiwe tena na pa kukaa, ndipo unasimama. Mfiwa hajisimamishi, anasimamishwa na jamvi kwisha. Baadaye jamvi linapelekwa kufuliwa siku hiyohiyo, na wewe una ruhusa ya kunyoa, kucheka, kugombana na watu. Kabla ya hapo wewe si wa huku wala si wa kule, na marehemu vilevile. Anasimama mlangoni anangoja umwachie.

Siwema bado amesimama. Sikuweza kuanuliwa, kwa sababu mikusanyiko imepigwa marufuku.

Balozi wetu wa nyumba kumi anaitwa Ngoda. Anatoka kijiji kimoja na Siwema, ndiyo maana ananiita shemeji, na kwenye harusi yetu alicheza ngoma hadi suruali ikachanika. Siku ya kwanza ya matanga alikuja na mgambo. Alisimama kwenye ukingo wa jamvi, viatu mguuni.

"Shemeji, pole sana."

"Kaa basi."

"Nikikaa tutakuwa wengi."

"Huu ni msiba, Ngoda."

"Ndiyo matatizo yenyewe. Watu wengi wamekaa kimya, wa juu wataniuliza wanapanga nini. Mngekuwa mnapiga kelele ningewatetea, ningesema ni harusi."

"Harusi zimeruhusiwa?"

"Hazijaruhusiwa. Lakini ningewatetea."

Majirani wakainuka mmoja mmoja, kila mtu akitafuta kiatu chake kwa kidole cha mguu. Mgambo wakalikunja jamvi haraka, vibaya, kuanzia kwangu kwenda nje, wakalitupa kwenye gari. Nikawauliza linakwenda wapi. Mmoja akasema ni kidhibiti. Mimi nikabaki nimekaa palepale, kwenye sakafu ya saruji, na sikuhisi baridi. Sikuhisi kitu. Ndevu ziliota. Namba kwenye bango ilipungua, ikapanda, ikapungua. Nilikuwa nikisikia Siwema akihamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja kwenda mwingine pale mlangoni, kama alivyokuwa akifanya akingoja nimalize kufunga viatu.

Ngoda akarudi siku nyingine, peke yake, na futi ya fundi cherehani shingoni. Akaanza kunipima mabega bila kuomba.

"Unanipimia sanda?"

"Suti. Geuka kidogo." Akanizungushia futi tumboni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sikiliza, shemeji. Wakubwa hawawezi kuja wakakaa tu hivihivi. Lazima kwanza akae mtu wa kimo kilekile, taa zipimwe, kamera zipimwe, wajue kivuli kitaangukia wapi. Sasa yule Mkubwa wa Wakubwa, atakayetangulia kuketi, ana mabega yako. Hata tumbo."

"Tumbo langu ni minyoo."

"Kwa mbali halijulikani."

"Nikienda, matanga yangu?"

Aliikunja futi taratibu, ili asinitazame. "Nitakuombea ruhusa kwa wa juu. Jamvi halitapatikana, lilikwishachanganywa na mengine, lakini tutaazima. Majirani watakuja, watakuanua kama mtu. Nakuahidi mbele ya Siwema."

Sikumwamini. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa sina sababu ya kubaki, na kwa sababu alimtaja Siwema kama mtu aliyepo.

Jumba la mkutano halina mwanzo. Unaingia kwenye korido nyembamba, unatembea, unatembea, madirisha yamechorwa anga, na anga hilo halibadiliki mchana wala jioni. Wakaninyoa, bila kujua wananifanyia nini, kwa maana mfiwa hanyolewi kabla ya kuanuliwa. Wakanivisha suti. Mbele ya kioo nilimwona yule Mkubwa wa kwenye picha za mabango ya barabarani. Alinitazama kama mtu aliyefika chooni akakuta kuna mwingine ndani, anangoja nitoke.

Anayeongoza kule tulimwita Bwana Itifaki. Hatukumwona uso. Alikaa nyuma ya kioo cheusi juu kabisa ukutani, na sauti yake ilitoka kwenye spika, sauti ya kijana aliyelelewa vizuri. Aliniita mzee wangu. Hilo lilinikera kuliko angeniita wewe.

Ukumbini palikuwa na zulia jekundu, kubwa kuliko mtaa wetu, na juu yake meza ya mviringo na viti. Viti havikuandikwa majina ya nchi. Viliandikwa kile ambacho mwenyewe anacho: Chuma. Ngano. Mafuta. Dawa. Silaha. Changu hakikuandikwa chochote. Niliketi, na nilichoogopa ndicho kilichotokea, kiti kikanitosha.

"Mkubwa ameketi," ikasema sauti. "Wengine wataingia mmoja mmoja wakamsalimu. Salamu iwe ya heshima, ya asili ya hapa. Ingieni."

Mlango ukafunguka, akaingia Mama Chausiku. Huyu anauza vitumbua mtaani kwetu, mwili wake umelingana na wa yule mama mwenye Ngano, basi wakamvisha joho na viatu vya kisigino. Nyuma yake alikuwepo mzee Tenga, mwenye bucha, na wengine wote nyuso ninazozijua, watu wa nyuma ya mabati. Mtaa wetu, kumbe, kwa vipimo ulikuwa umejaa Wakubwa.

Mama Chausiku akafika ukingoni mwa zulia, akaniona nimekaa peke yangu, kichwa chini, kimya, na nadhani mwili wake ulijua kabla yake. Akavua viatu. Akaja pekupeku, akainama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, baba," akaninong'oneza. "Nilitaka kuja tangu siku ile. Mgambo walikaa kwenye kona."

"Nimeshapoa."

"Alikuwa akija kwangu anataka vile vilivyoungua. Anasema ndivyo vitamu."

"Alikuwa akikuonea huruma, visikudodee."

"Nilijua. Mwishowe nikawa naviunguza makusudi, ili akija asikose."

Kitu kikajigeuza kifuani kwangu, kama mtu anayegeuka usingizini, kisha kikalala tena. Mzee Tenga naye akavua viatu, akainama kwa taabu.

"Leo mimi ni Mafuta, msinikaribie na kiberiti," akasema. Kisha sauti ikabadilika. "Pole, ndugu yangu. Ningeleta nyama ya msiba, lakini waliniambia na nyama nayo inakusanya watu."

Wakaja wote. Silaha alilia. Dawa alinishika mkono kwa mikono miwili. Wakaketi kwenye viti vyao, na ukumbi ule ukawa na kimya cha jamvini, kile chenyewe. Nikasema moyoni, Siwema, umeona, wamekuja.

"Nzuri sana," ikasema spika. "Hiyo ya kuvua viatu nani kawafundisha? Ibaki. Na kuinama, na mikono miwili. Nimeandika. Wakubwa wenyewe watafanya hivyohivyo. Sasa tena."

Wakatoka. Wakaingia. Wakavua, wakainama, wakasema pole.

"Mama wa Ngano, umekaa sana pale mkononi. Punguza. Tena."

Sijui umewahi kusema neno hadi likakufia mdomoni. Sema maji, maji, maji, utafika mahali hujui maji ni kitu gani. Pole ilikuwa hivyo. Mara ya pili ilikuwa bado ina joto. Baadaye ikawa kama sarafu iliyofutika sura kwa kushikwashikwa, bado ni duara, bado ina uzito, lakini huoni tena imeandikwa nini. Machozi ya Silaha yalikauka na wakampaka maji usoni, kwa kuwa Bwana Itifaki aliyapenda. Nyuso za majirani zangu zilianza kulegea, zikawa zinafanana na zile nyuso wanazozikalia viti. Sikujua kama siku ilikuwa ileile. Anga la madirishani halikusema. Nikifumba macho nilikuwa mfiwa, nikifumbua nilikuwa mwenye dunia, na baina ya hao wawili palikuwa na mtu fulani anaitwa Mwinchande, aliyekuwa na mke, na yeye nilimsikia kwa mbali kama redio ya jirani.

Nikatambua mambo ya kile kiti. Ukiinua kidole kimoja maji yanakuja. Ukitazama mlango unafunguliwa. Na ukiketi pale huoni sakafu, meza imepanda hadi kifuani, unaona nyuso tu, nyuso zilizokwisha kupangwa kukutazama. Mtu aliyeketi chini humwoni hata akiwa ubavuni mwako.

"Mzee wangu, tupime kipaza sauti. Sema chochote."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sauti tu."

Nikasogea. Nikasema, "Ifungueni ile njia ya hospitali. Kuna mtu ana mgonjwa pale, anangoja. Magari hayana watu. Mpisheni."

Kule juu, kwenye vyumba vya vioo, wakalimani wakainama wakayageuza maneno yangu kwa lugha zao zote. Niliona midomo yao ikicheza. Mmoja alifunga macho kama anayeonja mchuzi. Basi maneno yale yakaenda dunia nzima, kwa lugha ambazo sizijui, yakasemwa vizuri kuliko nilivyoyasema mimi.

"Safi," ikasema spika. "Haikwaruzi. Sasa, mzee wangu, kuna kipengele kifupi. Nitakuuliza swali, wewe utaitikia kwa kichwa. Mheshimiwa, msafara ujaribiwe tena?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikufikiri. Kichwa kilikwenda chenyewe, chini, juu, kama kilivyofundishwa. Na nje ya ukuta ule, mbali, nikavisikia ving'ora vikiamka. Kimoja mbele, kingine nyuma. Nikajua kwamba mahali fulani trafiki ameinua mkono, na bajaji fulani imesimama, na aliyewasimamisha ni mimi, ambaye si mtu yeyote. Lile swali langu likajibiwa pale, na jibu halikunipa hata nafasi ya kukasirika. Nilitafuta hasira kila mfuko. Nilikuta suti ni ya watu na mifuko yake imeshonwa.

Mlango wa pembeni ukafunguka, akaja Ngoda, futi bado shingoni. Akanikaribia kwa kunyata. Aliinama sikioni kwangu, na yeye naye, kwa mazoea ya ukumbi ule, alikuwa amevua viatu.

"Shemeji, wamekataa."

"Nani?"

"Wa juu. Wanasema baada ya mkutano."

"Mkutano lini?"

"Umesogezwa. Hawajasema hadi lini." Akaivuta futi shingoni. "Niliwaambia ni mke wa mtu. Wakasema kila mtu ana mke."

Spika ikakohoa. "Ndugu zangu, nimepata taarifa. Tarehe imebadilika. Zulia likunjwe litunzwe, tutalitandika tena siku zikikaribia. Wafanyakazi wameshaondoka, naomba mtusaidie wenyewe. Sogezeni meza, mkunje kutoka pembeni. Mheshimiwa abaki kwenye kiti chake, taa bado inapimwa."

Wakasogeza meza na viti vyao. Wakatawanyika kwenye ncha za zulia, wakachuchumaa, wakashika. Na walipokwisha kushika hakuna aliyeanza. Walinitazama. Watu wa mtaa mzima wamechuchumaa pembeni ya zulia wameshika ncha, na mimi katikati, juu ya kiti.

Mama Chausiku ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza vingapi nikufungie.

"Mwinchande, baba. Tuanue?"

"Hapa?"

"Kwani ruhusa ya kukaa pamoja iko wapi pengine? Nje ni marufuku. Humu tumeamriwa."

"Siyo nyumbani kwake."

"Nyumbani kwake hakuna jamvi."

"Hili ni la kwao."

Tenga akasema, "Wewe nawe. Lao, letu, limenunuliwa na kodi ya bucha yangu. Amua, magoti yanauma."

Nataka unielewe pale. Kuanuliwa ndicho kitu pekee nilichokuwa nakitaka, na kilipokuja kilikuja na taa zao, na zulia lao, na jicho lao ukutani. Niliona kwamba nikikubali Siwema ataondoka kwa mlango wa Wakubwa, waliomwua watakuwa wamemsindikiza. Na nikaona jingine, nalisema hivi lilivyo. Nikianuliwa nitakuwa sina kitu. Ganzi ile ilikuwa imekuwa nyumba yangu. Nilikuwa namshikilia Siwema pale mlangoni, miguu inamuuma, kwa kuwa alipokuwa amesimama pale kesi yangu ilikuwa bado ipo, na mwenye kesi angalau ni mtu. Ni nani aliyekuwa anamzuia njia sasa? Trafiki hakuwepo.

Nikashuka kwenye kiti.

"Mzee wangu," ikasema spika, "kiti kisibaki wazi, tafadhali, kivuli kinapotea."

Nikakiburuta kiti hadi nje ya zulia, nikarudi, nikavua viatu vyao. Nikakaa chini, katikati ya lile zulia, miguu nimeikunja, na kutoka pale chini niliwaona majirani wote hadi vidole vya miguu, kucha zilizopasuka, soksi za kuazima. "Anueni," nikawaambia.

Wakaanza. Walikunja kama inavyokunjwa kwetu, polepole, mtu akisubiri mwenziwe, na zulia lilikuwa zito, wakawa wanahema. Ngoda alisimama kidogo kando, akatazama juu kwenye kioo cheusi, akatazama futi yake, halafu akachuchumaa akashika ncha ya upande uliokuwa na upungufu. Kimya kile kilirudi, kile kilichochakaa kwa kurudiwa, nikashangaa kwamba bado kina nguvu ya kufanya kazi. Sakafu ikawa inaonekana, saruji tupu, chafu, yenye nyufa kama ya kwangu. Zulia likaja pande zote likiniviringikia, likanigusa magoti, likanigusa mgongo. Kwa sauti isiyozidi pumzi nikasema, "Basi pita."

Nilipotaka kusimama miguu haikuwepo. Nilikuwa nimekaa muda mrefu mno, siyo siku ile tu, tangu sakafuni kwangu. Tenga akanishika kwapani upande mmoja, Ngoda upande mwingine, wakaninyanyua kama gunia. Kisha damu ikaanza kurudi. Wanaojua wanajua, ni kama kukanyaga siafu, inaanzia kwenye nyayo inapanda. Iliuma. Nikauma meno, na macho yakajaa machozi, na sikujua ni ya miguu au ya nini, wala hakuna aliyeuliza.

"Hiyo," ikasema spika, na kwa mara ya kwanza yule kijana alisikika kama aliyevutiwa kweli, "hiyo ya mwisho ni nzuri mno. Mheshimiwa anashuka chini, anainuliwa na wenzake. Itapendeza sana. Nirudie nione imepangwaje. Tandikeni zulia. Tena."

Hakuna aliyekwenda popote.

"Ndugu zangu? Tena, kuanzia Mheshimiwa anashuka."

Mama Chausiku alikuwa anaifunga kanga yake chini ya lile joho. Akainua uso kuelekea kwenye kioo. "Hili halirudiwi, mwanangu."

"Mara moja tu, mama."

"Limeshakuwa. Shikeni, jamani, likafuliwe."

Wakaliinua zulia mabegani, refu, likining'inia katikati, nami nikashika mwisho wake nikichechemea. Tukapita ile korido nyembamba yenye anga la kuchorwa. Spika zilitufuata ukutani, moja ikinyamaza nyingine ikidaka, tena, tena, kwa adabu. Mlangoni askari wakatupigia saluti, walikuwa wamefundishwa kumpigia saluti yeyote anayetoka kwenye mlango ule, na hawakuwa wamefundishwa la kufanya baada ya hapo.

Tulifika kwenye bomba la mtaa, nyuma ya mabati, siku hiyo maji yalikuwa yanatoka. Wanawake wakakunja nguo, wakapanda juu ya zulia wakaanza kulikanyaga. Rangi ikaanza kutoka. Ilitoka nyekundu, ikajaa mferejini, ikapita chini ya mabati ikaenda barabarani, na walipobadilisha maji ikatoka tena nyekundu vilevile. Ngoda aliuliza kama tusimamishe. Mama Chausiku akamwambia avue shati aje akanyage naye. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikinyoosha miguu, mmoja baada ya mwingine, yote miwili ikiniuma sana.